Barua za Ndugu Aliyehamia Marekani: Namna ya Kuzitunza

Huenda nyumbani kwako Luofu kuna barua za kaka, shangazi au mtoto aliyekimbia vita, akapitia kambini Uganda, hatimaye akahamia Marekani. Usiziache zioze. Waingereza waliohamia huko katika karne ya 19 waliwaandikia jamaa zao, na kwa kuwa zile barua zilitunzwa, mwanahistoria Charlotte Erickson aliweza kuzichapisha nyingi katika kitabu mwaka 1972.

Uanzie wapi? Zitoe jikoni kwanza, moshi huharibu karatasi. Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha kunjua barua taratibu. Ondoa pini na vibanio vya chuma, vitaingia kutu. Palipochanika usibandike skochi. Baada ya miaka hugeuka manjano na kuacha doa. Iliyolowa ianike kivulini. Bahasha ya zamani usiitupe, kwani muhuri wa posta huonyesha tarehe na mji.

Uziweke wapi? Kwenye kopo kavu la biskuti lenye mfuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta. Mfuko wa nailoni haufai kwa milima yetu ya mvua na ukungu: unyevu ukiingia hautoki. Kopo likiwepo tayari, hutumii hata faranga.

Kazi kubwa ni majina. Barua iliyotiwa sahihi "Kambale" tu itamsaidia nini mjukuu, wakati karibu kila nyumba ya Wanande ina Kambale wake, mtoto wa kiume wa pili? Keti na mzee anayemfahamu mwandishi, uandike kwenye karatasi ya pembeni majina yake kamili, baba, mama, kijiji na mwaka. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, umtumie jamaa aliyeko Butembo na mwingine wa ng'ambo. Tukilazimika kukimbia tena, tutabeba watoto, kopo litabaki.

Na kama barua zilikatika? Waone wahudumu wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, wanaoshirikiana na CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ujumbe wa kifamilia hupelekwa bure. Anayekudai pesa mkatalie. Karatasi haifungwi, nayo husomwa kabla ya kutumwa, kwa hiyo andika habari za jamaa pekee, bila siasa wala mambo ya askari. Watakuuliza majina ya unayemtafuta na ya wazazi wake, alikozaliwa, na anwani yake ya mwisho. Hiyo anwani, mara nyingi, iko nyuma ya bahasha uliyotaka kuitupa.