Uluguru kwa Magurudumu: Kupanga Safari ya Kwanza Morogoro

Mtu mwenye ulemavu wa viungo anayepanga safari yake ya kwanza ya mapumziko mara nyingi hushauriwa kupanda meli ya kitalii, na ushauri huo una mantiki yake. Melini chumba ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, choo ni kile kile, mizigo hufunguliwa mara moja tu, na kinachobadilika ni mandhari ya nje. Mantiki hiyo haihitaji bahari. Morogoro, ambayo wenyeji wanaiita mji kasoro bahari, inatembeleka vizuri kwa mtindo huo huo na mtu anayetumia kiti mwendo, magongo au mguu wa bandia, mradi safari ipangwe kuanzia chumba cha kulala kwenda nje, na si kuanzia kileleni kushuka chini. Milima ya Uluguru inaanza pale mji unapoishia. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa meta 500 hivi, na Lupanga, kilele chenye zaidi ya meta 2,100, kinaonekana ukiwa katikati ya mitaa. Aliyefikia bondeni ana mlima mbele ya macho yake tangu asubuhi.

Wengi hudhani kinachomzuia mtu huyu ni huo mwinuko. Ukichunguza safari zinavyoharibika, unakuta wabaya ni wadogo zaidi: ngazi mbili za mlangoni, mlango wa bafu ulio mwembamba kuliko kiti, choo cha kuchuchumaa, kokoto za mapambo zilizomwagwa mbele ya mapokezi, lifti inayosimama umeme ukikatika. Hivi vyote vinapimika, na kinachopimika kinaweza kujulikana kabla hujatoka nyumbani. Kiti mwendo cha mtu mzima kwa kawaida kina upana wa sentimeta 60 hadi 70, na mikono inayosukuma nayo inataka nafasi, kwa hiyo mlango wenye uwazi chini ya sentimeta 80 ni wa mashaka. Kukigeuza kiti mzunguko mzima kunataka sakafu ya meta moja na nusu kwa meta moja na nusu. Njia ya mteremko iliyo salama hupanda sentimeta 1 kwa kila sentimeta 12 za urefu. Maana yake ni kwamba kizingiti cha sentimeta 15 kinataka mteremko wa karibu meta 1.8. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi ili mgeni asukumwe juu kwa nguvu ni hatari kuliko ngazi zenyewe.

Ndiyo sababu usiulize hotelini kama panafaa kwa mtu mwenye ulemavu. Utajibiwa, “Hakuna shida, karibu sana, vijana wapo watakusaidia.” Jibu hilo linatoka kwenye ukarimu wa kweli, lakini halikuambii lolote kuhusu mlango wa bafu. Uliza namba. Kutoka pale gari linaposimama hadi kitandani kuna ngazi ngapi? Uwazi wa mlango wa bafu ni sentimeta ngapi, ukipimwa kwa tepu mlango ukiwa wazi? Kitanda kina kimo gani? (Kikizidi sana kimo cha kiti chako, kila usiku utakuwa kazi.) Omba picha za mlangoni, bafuni na njia ya kwenda kulia chakula, siku hizi picha hutumwa kwa simu kwa dakika moja, na hoteli inayokataa kupiga picha tatu imeshakujibu. Bafu likiwa zuri ila halina kiti cha kuogea, kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kila baa na kila msiba, kinatosha, mradi kikaguliwe kwanza miguu isiwe na nyufa na sakafu isiwe ya vigae vya kuteleza. Chumba cha chini chenye choo cha kukaa, katika nyumba ya kawaida tu, kina thamani kuliko hoteli ya ghorofa yenye jina.

Wapo wanaoona aibu kuuliza hivi, wakihofia kuonekana wasumbufu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi burudani na utalii. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Anayeuliza upana wa mlango anadai alichokwisha kuahidiwa na nchi yake. Anayetaka kauli ya watu wanaojua mji kwa magurudumu awatafute CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo. Mtu mmoja anayeishi Morogoro na kutumia kiti mwendo kila siku atakueleza mengi kuliko tangazo lolote.

Kufika kumerahisishwa. Basi la mkoani lina ngazi ndefu na nyembamba mlangoni, na mtu asiyeweza kuzipanda hubebwa na utingo mbele ya abiria wote. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na inatumia takribani saa mbili au pungufu kwa mwendo ambao basi hula nusu siku foleni za kutoka jijini zikikolea. Nauli iliyotangazwa mwaka huo kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Unapokata tiketi, sema kwamba unatumia kiti mwendo, omba siti iliyo karibu na mlango wa behewa, na ufike stesheni mapema ili usipandishwe kwa haraka wengine wakisukumana. Kutoka stesheni, gari aina ya Noah lenye mlango wa kuteleza ndilo rafiki wa kweli, kwa kuwa kiti chake hakiko juu wala chini sana. Bajaji nayo inafaa kwa anayeweza kujihamisha mwenyewe, na kiti kinachokunjwa kinaingia nyuma. Kiti cha umeme ni jambo jingine: uzito wake unaweza kuvuka kilo 100, mara nyingi hakikunjwi, na kinataka pikapu na watu wanne. Kwa safari ya kwanza azima kiti cha kusukumwa, na matairi yakiwa ya kujazwa upepo, fundi baiskeli yeyote wa mtaani ataziba pancha.

Siku ya kwanza isiwe ya mlima. Iwe ya Mazimbu, nje kidogo ya mji, ambako African National Congress ya Afrika Kusini ilianzisha shule mwaka 1978 kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Baadaye shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalirudishwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wapigania uhuru bado yapo. Ukiomba ruhusa getini unaweza kuizunguka sehemu kubwa ya historia hiyo kwa gari, ukishuka unapotaka. Kampasi kuu ya chuo hicho iko kwenye kitako cha Uluguru, na ndiko APOPO inakofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kuwatazama kunataka miadi ya mapema, lakini hakutaki kupanda popote.

Siku ya pili ni ya milima, na hapa lazima kusema ukweli. Njia ya Lupanga ni ya miguu na ni kali hata kwa vijana wazima. Njia ya kwenda Morningside, penye nyumba ya enzi za Wajerumani, ni mbovu hata kwa magari. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hakuna kijia cha kiti mwendo. Anayekuahidi vinginevyo ana maana ya kukubeba. Kubebwa si dhambi, na kuna watakaochagua hivyo. Lakini liwe chaguo lao, likiwa limepangwa: watu wangapi, wanashika wapi, nani anatoa amri ya kuinua na kushusha, na wanalipwa kiasi gani. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, aliyekubeba akiteleza mnaanguka wote, na mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo hana nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Njia bora ni ya gari. Fuata barabara ya Iringa, kisha ingia Sangasanga, karibu na Mzumbe, upande kwenda Mgeta, Langali na Nyandira. Haya ndiyo mashamba ya mboga ya Dar es Salaam: kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko iliyokatwa matuta kama ngazi. Matuta yana historia nzito. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuyachimba kila mahali, watu wa Matombo, upande wa pili wa milima, walikataa, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. Ukitazama kutoka upande wa pili wa bonde, unaona wazi mahali ambapo matuta yamekubaliana na ardhi na mahali ambapo hayapo.

Hapo ndipo linapojibiwa pingamizi kubwa, kwamba kutazama dirishani ni utalii wa daraja la pili. Bonde lililochongwa namna hii huonekana zima kwa mbali, na aliyesimama ndani ya shamba anaona kabichi tu. Na yule ndege aitwaye kwa Kiingereza Uluguru bushshrike, asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii, hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, na wengi wanaopanda siku nzima wanarudi bila kumwona. Na Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, takribani kilomita 100 kutoka mjini, hakuna mgeni anayeruhusiwa kushuka garini ovyo. Tembo, nyati na twiga wa uwanda wa Mkata wanatazamwa na wote wakiwa wamekaa. Kwa saa hizo kadhaa, tofauti kati yako na mwenzako anayetembea imeondolewa na kanuni za hifadhi.

Mikumi basi ndiyo siku ya tatu, na tatizo lake ni gari lenyewe. Magari ya safari yako juu, na viti vyake vinaweza kuwa karibu na kimo cha kifua cha mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo. Muulize mwenye gari kimo hicho kwa sentimeta, na kama ana kisanduku imara cha kukanyagia. Gari dogo la kukodi mjini, kama barabara za ndani ni kavu, linaweza kukufaa zaidi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi na ina matuta mengi ya kupunguza mwendo, hivyo mto wa kukalia usikosekane, na kila nusu saa uinue makalio au uegemee upande kuzuia vidonda vya mgandamizo. Ukiwa na hali inayoweza kubadilika ghafla, kumbuka kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Morogoro mjini.

Nenda kati ya Juni na Septemba. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza barabara za Mgeta kuwa utelezi, na mvua za vuli hurudi kuelekea mwisho wa mwaka. Kuhusu gharama, gari la siku nzima ndilo linalokula fedha, si chumba wala treni. Wasafiri watatu wakichangia Noah moja, hesabu inabadilika kabisa. Wawili kati yao wakiwa na viti mwendo, hakikisheni kabla ya kulipa kwamba viti vyote viwili, vikiwa vimekunjwa, vinaingia nyuma pamoja na mizigo.