Koch, Jina la Mpishi: Somo la Majina, Magonjwa na Milima ya Usambara

Apandaye kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha akaendelea mpaka Magamba, hupita katika nchi iliyowahi kubandikwa majina ya Kijerumani. Mji wa Lushoto wenyewe uliandikwa katika ramani za wakoloni kuwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo limekwisha na Lushoto limebaki. Chuo kikuu kilichojengwa Magamba kilipewa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

Hata hivyo lipo jina moja la Kijerumani ambalo halikuondoka na wenyewe. Hulikuta mwanafunzi wa tiba katika juma lake la kwanza la somo la vijidudu. Mashariki ya Kongo wagonjwa hulisikia likiwa limefupishwa kwa herufi mbili, BK, yaani bakteria wa Koch kwa Kifaransa. Jina hilo ni Koch, nalo lilipita katika milima hii kwa miguu ya mwenyewe. Somo hili linauliza swali moja: jina hufunza nini, na huficha nini?

Maana ya jina

Katika Kijerumani, Koch ni mpishi. Herufi mbili za mwisho hutamkwa karibu na sauti ya kh tuisikiayo katika kheri na Khamis, wala si ch ya chakula. Neno lenyewe lina asili moja na Cook la Waingereza, kwa kuwa yote mawili yametokana na Kilatini.

Zamani Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua katika zama za kati, na watu wengi wakawa wanaitana Johann au Heinrich, waliongezewa jina la pili ili watambulike: la baba, la mahali, la sifa ya mwili, au la kazi. Kwa njia hiyo msaga nafaka akawa Müller, mhunzi Schmidt, mshonaji Schneider, mvuvi Fischer, mfumaji Weber na seremala Zimmermann. Aliyepika katika nyumba ya mtawala, katika monasteri au katika duka la vyakula akawa Koch. Baadaye jina likawa la ukoo, likarithiwa na wajukuu ambao hawakuwahi kushika mwiko.

Jambo hili si geni kwetu. Upareni, jirani na Usambara, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na leo akina Mshana ni walimu, madaktari na mawakili. Zanzibar, Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Aliongoza serikali, wala hakuna aliyedhani kwamba ni lazima aongoze jahazi. Jina la kazi hupewa mtu wa kwanza kwa sababu, na wanaomfuata hulipokea bila sababu hiyo.

Ndiyo maana waliolibeba jina la Koch hawafanani. Marita Koch wa Ujerumani Mashariki alikimbia mita 400 kwa sekunde 47.60 huko Canberra mwaka 1985, ikawa rekodi ya dunia iliyodumu kwa miongo kadhaa. Helge von Koch wa Sweden, mwanahisabati, alieleza mwaka 1904 umbo linalofanana na chembe ya theluji, ambalo mzingo wake hurefuka bila kikomo ilhali eneo lake halizidi kipimo maalumu. Ludwig Koch alitangulia wengi katika kurekodi sauti za ndege, kisha akakimbilia Uingereza kuwaepuka Wanazi. Erich Koch naye alikuwa mmoja wa watawala wakatili wa Wanazi hao hao. Jina lile lile lilikuwa la aliyekimbia na la aliyekimbiza.

Daktari aliyepita Usambara

Koch wa tiba ni Robert, aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa machimbo wa Clausthal. Alianza kama daktari wa wilaya, akitafiti nyumbani kwake kwa hadubini, na mwaka 1876 akaeleza jinsi bakteria wa kimeta wanavyoishi na kuenea. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwatangazia wenzake kuwa amempata bakteria asababishaye kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Yeye hakuwa mpishi, lakini maabara yake iliwiwa na jiko. Awali aliotesha bakteria juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa, na baadaye juu ya jelatini, ambayo iliyeyuka kila joto lilipopanda. Aliyetatua tatizo hilo ni Fanny Angelina Hesse, mke wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Koch. Mama huyu alizoea kugandisha jeli za matunda kwa agari itokanayo na mwani, ambayo haiyeyuki upesi, akashauri itumike maabara. Hadi leo bakteria huoteshwa juu ya agari, katika kisahani kinachobeba jina la Petri, msaidizi wa Koch. Jina la mama aliyejua mapishi halikubandikwa popote.

Mwaka 1897 Koch alifika Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Wajerumani, akachunguza tauni, malaria na magonjwa ya mifugo. Katika safari hiyo alipanda Usambara Magharibi, akafika Kwai, katika milima hii hii ilipo Magamba. Katika taarifa zake zilizochapishwa mwaka 1898 aliandika jambo linalostahili kufundishwa katika kila darasa la afya nchini. Alieleza kwamba watu wa milimani walijua kuwa wakishuka tambarare na kulala huko wangerudi na homa. Walipoulizwa sababu, walisema kule chini wameumwa na wadudu waitwao mbu, na homa yenyewe waliiita kwa jina hilo hilo: mbu.

Tupime uzito wa maneno hayo. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana. Neno malaria lenyewe latokana na Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa iliaminika kuwa homa hutokana na mvuke wa mabwawa. Ni katika mwaka huo wa 1897 Ronald Ross, akiwa India, alipomwona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Mkulima wa Usambara hakuwa na hadubini wala hakujua habari za kimelea, lakini jina alilolitumia lilielekeza kidole mahali pake. Dunia ilibaki na jina la kosa, na jina la kweli likabaki kuwa la mdudu peke yake.

Koch alirudi mwaka 1905, akafanya kazi pia Amani, Usambara Mashariki, ambako taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1902. Alichunguza homa inayopanda na kushuka kwa vipindi, akaonyesha kuwa huenezwa na papasi, wale kupe wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Aliona pia kwamba vijidudu vya homa huingia katika mayai ya papasi, hivyo watoto wake huzaliwa wakiwa navyo. Wakati ule ule Joseph Dutton na John Todd walifikia matokeo kama hayo huko Kongo, na Dutton alikufa kwa homa hiyo hiyo Kasongo, Februari 1905. Kiswahili huuita ugonjwa huu homa ya papasi. Asikiaye jina hilo amekwisha kuonywa asilale sakafuni.

Wapishi wawili na ugonjwa mmoja

Mwaka 1901, katika Hospitali ya Mengo nchini Uganda, ndugu wawili Waingereza, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale kujulikana huko. Albert ndiye aliyeanzisha hospitali hiyo mwaka 1897. Miaka mitano baada ya utambuzi huo, Robert Koch alifika katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, kutafuta dawa ya ugonjwa huo uliokuwa umeangamiza maelfu. Hivyo Mpishi wa Kiingereza na Mpishi wa Kijerumani walikutana katika historia ya ugonjwa mmoja.

Dawa aliyoitumia Koch ilikuwa atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Kipimo kilipoongezwa, baadhi yao walipofuka wasione tena. Majina ya watu hao hayamo katika vitabu tunavyosomea. Aliyepata heshima anatajwa na walioumia hawatajwi. Nayo ni kasoro ya kila elimu inayopokea jina bila kupokea habari zake zote.

Koch alikosea pia mahali pengine. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu, nayo haikutibu, ingawa baadaye ilifaa katika vipimo. Mwaka 1901, mjini London, alisema kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kuhofiwa kwa binadamu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa huweza kumwambukiza mtu, hasa mtoto. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Lushoto, jambo hili si historia tu. Kinga yake ni sufuria na moto: maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Hapa mpishi wa nyumbani yu sahihi kuliko Koch wa Berlin.

Jina mbele ya mgonjwa

Sasa twaweza kuyapanga majina ya magonjwa katika mafungu manne. Lipo jina la dalili, kama malale, litokanalo na kulala. Lipo jina la chanzo, kama homa ya papasi na mbu ya wazee wa Usambara. Lipo jina la kosa, kama malaria. Na lipo jina la mtu, kama bakteria wa Koch, ambalo ni kumbukumbu ya mgunduzi na halimwelezi mgonjwa chochote.

Tofauti hii ina uzito katika chumba cha daktari. Mgonjwa aambiwaye kwa minong'ono kwamba ana BK huweza kutoka bila kujua anaumwa nini, na aambiwaye TB huweza kusikia herufi mbili na aibu tupu. Hata jina letu zuri, kifua kikuu, halitoshi, kwa maana ugonjwa huu hushika pia tezi, uti wa mgongo na viungo vingine. Mwenye uvimbe wa tezi shingoni, asiyekohoa, hushangaa kuambiwa ana ugonjwa wa kifua.

Kwa hiyo kila jina na lifuatwe na maelezo. Mgonjwa aambiwe kuwa anaumwa na bakteria, si kwa kurogwa wala kwa kurithi damu ya ukoo. Aambiwe kuwa kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, na kwamba kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, jasho jingi la usiku na kukonda ni sababu ya kupima makohozi. Aambiwe kuwa matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, kwamba katika vituo vya serikali nchini Tanzania dawa hutolewa bila malipo, na kwamba kupata nafuu katika mwezi wa pili si ruhusa ya kuacha dawa. Maneno haya hayachukui zaidi ya dakika tano. Asiyeyasikia huenda akaacha dawa njiani, na bakteria waliobaki wakawa sugu.

Hatusemi jina la Koch lifutwe. Mwanafunzi na alijue, pamoja na maana yake, ugunduzi wake na makosa yake. Lakini akiwa mbele ya mgonjwa, na aige hekima ya wazee wa milima hii, ambao jina lao la homa lilimwonyesha mtu adui yake.

Maswali ya kutafakari

1. Taja magonjwa matatu yanayojulikana katika lugha ya kwenu. Je, kila jina linaeleza dalili, chanzo, au imani?

2. Andika kwa sentensi tano, bila jina la mtu wala neno la kitaalamu, jinsi utakavyomweleza mgonjwa mpya kwamba ana kifua kikuu cha tezi.

3. Katika somo hili, ni nani walichangia maarifa bila majina yao kubaki? Wapo wa namna hiyo katika kituo chako cha afya?