Mwache Abebe Birika Mwenyewe

Barua yako kutoka Ikungi, mdogo wangu, nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Unasema kanisa lenu linataka kufungua mgahawa wa kahawa mjini Singida, na humo wafundishwe kazi watu wazima wenye ulemavu. Wazee wa kanisa wameanza kuandikisha majina. Kaka yako ni kiziwi, ana miaka 31, na kazi yake mpaka leo ni kuchunga mbuzi na kuchota maji. Mama hataki aandikishwe kwa sababu "watu wa mjini watamcheka". Unauliza umtii mama au umpeleke kaka.

Mpeleke. Nalisema hilo kwanza usije ukasoma mpaka mwisho roho ikiwa juu.

Ila usimpeleke kwa ugomvi. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Amemlinda mwanawe miaka yote hiyo katika vijiji ambamo kiziwi bado anaitwa "bubu" mbele yake, na hakuna aliyemsaidia kumlinda. Keti naye jioni mnapopukuchua alizeti, umuulize kwa upole: mama, siku ukiwa hupo, huyu atakula kwa nani? Usimjibie. Mwache alale nalo.

Kesho yake mweleze habari za Iringa. Pale mjini kuna kituo kinaitwa Neema Crafts, cha Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, nyingine kwa kinyesi cha tembo. Aliyekianzisha ni msanii Mwingereza, Susie Hart. Kazi ziliongezeka: kufuma vitambaa, shanga, ushonaji, kisha mgahawa na nyumba ya wageni, na waliopata ajira wakapita 100. Mgahawani wahudumu ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, au anajaribu alama zilizoonyeshwa, naye anahudumiwa kama anavyohudumiwa mahali pengine popote. Watalii wanakwenda, na wenyeji wanakwenda vilevile. Wanaoaibika, wakiaibika, ni sisi wateja tunaojikuta hatujui hata kusema "asante" kwa mikono.

Sasa naomba niseme na kamati yenu ya mgahawa, maana najua utawasomea.

Wapendwa, kahawa hailimwi kwetu. Singida ni alizeti, asali, vitunguu, mtama na kuku wa kienyeji. Kahawa mtainunua ya Kilimanjaro, Mbinga au Kagera, na watu wetu wengi asubuhi wanataka chai ya maziwa. Kwa hiyo msifungue mgahawa wa kupendeza macho ya wafadhili. Fungueni mahali ambapo dereva wa lori au abiria wa basi la Mwanza atapata chai, chapati ya moto, supu ya kuku na kikombe cha kahawa safi, kisha arudi safari ijayo kwa sababu chapati ilikuwa laini. Akirudi kwa huruma atarudi mara moja tu. Asali yetu wekeni mezani badala ya sukari.

Mafunzo nayo yawe ya kweli. Asiyesikia afundishwe na mtu anayeijua Lugha ya Alama ya Tanzania, na ikiwezekana mwalimu huyo awe kiziwi mwenyewe. Mwenye ulemavu wa akili apewe kazi iliyokatwa vipande vidogo, picha ukutani kwa kila hatua, kipimo kilekile cha majani na kikombe kilekile kila siku. Akishaishika, huyo hakosei kirahisi, na mara nyingi ndiye atakayewakumbusha wengine utaratibu. Asiyeona msimhamishie vitu. Mwenye ualbino asipangwe nje juani kuuza maandazi mchana kutwa, na bei aandikiwe kwa herufi kubwa. Anayetumia kiti cha magurudumu atahitaji kaunta fupi na mlango usio na ngazi, jambo ambalo fundi analifanya kwa gharama ndogo likisemwa kabla ya kumwaga zege.

Halafu fedha. Hapa ndipo makanisa yetu mengi yanapoteleza. Jumapili baada ya ibada tunapiga mnada wa kuku na mahindi, fedha zinaingia mfuko wa diakonia, tunawagawia wenye ulemavu sabuni na unga, tunapiga picha. Sabuni ni njema, lakini mtu mzima anayefanya kazi saa nane kwa siku alipwe mshahara, awe na mkataba, achangiwe NSSF. Na mshahara uende kwenye simu yake au akaunti yake. Usiende kwa kaka, kwa mjomba, wala kwa mzee wa kanisa "anayemtunzia". Hata kwako wewe, mdogo wangu, usipite.

Tena mgahawa mmoja hauwezi kubeba watu wote wa mkoa. Tangu siku ya kwanza kamati ijue wanafunzi watatoka waende wapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Bisheni hodi hotelini na hospitalini mkiwa na sheria hiyo mkononi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, akapata cheti, utumieni. Na atakayetaka kujitegemea, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Fungu hilo la 2 lisirudi mezani kwa kukosa waombaji.

Ninyi wengine mnaosoma na hamna ndugu mwenye ulemavu, zamu yenu ipo. Pale Ikungi tunayo shule ya msingi Ikungi Mchanganyiko, ambapo watoto wasioona na wenye ualbino wamesoma pamoja na wenzao. Nani kati yetu amewahi kujiuliza wanakwenda wapi wakishakuwa watu wazima? Mgahawa ukifunguliwa, nendeni mkanywe chai. Lipeni bei kamili. Chai ikiwa baridi, irudisheni, kwa sababu hivyo ndivyo mfanyakazi anavyojifunza.

Nawe, mdogo wangu, Jumapili ijayo mvalishe kaka shati lake zuri, mwende wote watatu, mama akiwa katikati. Mkifika kwa mzee anayeandikisha, usimtajie jina wewe. Mpe kaka kalamu.