Sabuni Yetu Imegeuka Rangi: Je, Imeharibika?

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo limewavunja moyo wengi, na sisi tukiwa miongoni mwao. Umetengeneza sabuni yako vizuri, imetoka kwenye sanduku ikiwa nyeupe kama maziwa. Baada ya wiki mbili unaitazama tena, kumbe imekuwa kama chai ya rangi! Imeharibika? Itupwe? Nani alaumiwe?

YALIYOTUPATA SISI

Kikundi chetu ni cha akina mama 12. Tunatengeneza sabuni ya kuogea kwa mafuta ya nazi, ya mawese na ya alizeti. Wakati mmoja tulipata oda ya vipande 150 vya sabuni nyeupe, zawadi kwa wageni wa harusi. Bibi harusi alitaka harufu tamu kama ya keki. Tukamtuma mweka hazina mjini, akanunua chupa ya manukato katika duka la kemikali, akarudi na risiti. Tukapika, tukakata, tukapanga vipande rafuni vikauke.

Siku ya tatu pembe za vipande zilikuwa na rangi ya krimu. Wiki ya pili vyote vilikuwa kahawia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kuna waliosema mweka hazina amenunua kitu cha bei ya chini na chenji ameitia mfukoni. Wengine wakasema kostiki soda ilizidi. Mmoja akashauri tuviloweke vipande katika dawa ya kung'arisha nguo. Mwingine akasema, "Tuwaambie tu ni sabuni ya kakao, nani atajua?" Mweka hazina alinyamaza kimya. Mkutano uliofuata hakuja.

Basi tukaanza kuuliza kwa watu wenye ujuzi, na tukajifunza kwamba sisi sote tulikuwa tumekosea.

KWA NINI SABUNI HUGEUKA

Katika manukato mengi yenye harufu tamu kuna kitu kinachoitwa vanilini. Hicho ndicho kiini cha harufu ya vanila. Vanila yenyewe ni mmea wa kutambaa, unaolimwa sana Madagaska na pia kwa jirani zetu wa Uganda. Lakini vanilini nyingi iliyo katika manukato ya dukani haikutoka shambani, hutengenezwa viwandani. Wanakemia wawili wa Ujerumani, Tiemann na Haarmann, walionyesha njia ya kuitengeneza mwaka 1874.

Vanilini ikiingia katika uji wa sabuni hukutana na ukali wa kostiki soda. Baadaye hewa na mwanga huipiga, nayo hugeuka kahawia polepole. Ukimenya kiazi ukakiacha mezani huwa cheusi kwa sababu ya hewa. Sabuni nayo huanza kugeuka upande wa nje, unaopata hewa kwanza, kisha rangi huingia ndani. Inaweza kuanza siku ile ile au ikachukua wiki kadhaa.

Vanilini ikiwa nyingi, rangi nayo huwa nzito. Manukato yenye vanilini kama asilimia 1 huleta rangi ya krimu. Yakiwa na asilimia 10 au zaidi, tazamia rangi ya chokoleti.

Msidanganywe na jina lililo kwenye chupa. Chupa inaweza kuandikwa "nazi", "asali", "kahawa" au "maziwa" na bado ndani mna vanilini, kwa maana ndiyo inayoleta ule utamu wa harufu.

Tena si vanilini peke yake. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ambayo pia hutia sabuni rangi ya hudhurungi na hufanya uji uwe mzito ghafla kabla hamjaumimina. Mafuta ya mchaichai huleta umanjano. Maziwa halisi na asali halisi pia hugeuza sabuni, kwa sababu sukari iliyomo huungua kwa joto la kostiki soda.

IMEHARIBIKA AU HAIJAHARIBIKA?

Kabla ya kuuza wala kutupa, chunguzeni kwanza:

1. Rangi ya kahawia imeenea sawasawa, harufu ni nzuri, kipande ni kigumu na povu ni jema. Hii ni vanilini. Sabuni ni salama.

2. Kuna madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Hapa mafuta yamechacha. Msiiuze.

3. Kuna matone yanayotoka ndani ya kipande na yanawasha ngozi. Kostiki soda ilizidi au haikuchanganyika. Msiiuze, wala watoto wasiishike.

Sisi tulipochunguza tuliona yetu ni ya namba 1. Kostiki soda ilikuwa sawa. Mweka hazina alileta kile kile alichotumwa. Kosa lilikuwa letu sote: tulichukua oda ya watu kwa manukato ambayo hatujawahi kuyajaribu.

NJIA ZA KUFUATA

Ulizeni kabla ya kulipa. Mwulize mwenye duka, "Manukato haya yana vanilini asilimia ngapi?" Akiwa hajui, nunueni chupa ndogo kabisa ya kujaribia.

Jaribuni kidogo. Tengenezeni sabuni ya gramu 200 za mafuta kwa kipimo chenu cha kawaida. (Kumbukeni: kostiki soda hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki soda. Vaeni glavu na miwani.) Uji ukianza kuwa mzito, ugawe mara mbili. Sehemu moja tieni gramu 3 za manukato, sehemu ya pili msitie kitu. Kipimo hicho ni sawa na gramu 30 kwa kila kilo ya mafuta. Kisha wekeni kipande kimoja cha kila aina karibu na dirisha, na kingine ndani ya sanduku. Tazameni siku ya 1, 3, 7, 14 na 28, mkiandika katika daftari. Kwa kuwa sabuni inahitaji wiki 4 hivi kukauka, mtakuwa mmejua rangi yake ya mwisho.

Mteja akitaka nyeupe, badilisheni harufu. Mafuta ya mkaratusi au ya lavenda hayageuzi rangi. Ni afadhali kumwambia mteja mapema, "Harufu hiyo haikai na weupe," kuliko kumwahidi vyote viwili.

Tumieni unga mweupe kwa kiasi. Unga uitwao titani dioksaidi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mafuta, hupunguza ukali wa rangi. Hauizuii. Mahali pa kahawia mtapata krimu. Pia madukani kuna dawa ya kuzuia vanilini isigeuke. Hiyo husaidia zaidi katika sabuni ya kuyeyusha na kumimina. Katika sabuni ya kostiki soda msiitegemee.

Ikubalini rangi yenyewe. Kama mnajua sabuni itakuwa kahawia, itengenezeni kwa kusudi hilo na mwiambie soko hivyo. Wengine hutia manukato nusu ya uji tu ili wapate mche wa rangi mbili, kahawia na nyeupe. Ni mzuri sana, lakini baada ya muda ukahawia huhamia upande mweupe. Msiuweke ghalani miezi mingi.

Msitumie dawa ya kung'arisha nguo. Haifiki ndani ya kipande, na inayobaki juu itaumiza ngozi ya mtu.

TULIVYOMALIZA

Muda wa kutengeneza nyingine haukuwepo. Tulimwendea bibi harusi tukiwa na vipande mkononi, tukamweleza ukweli wote. Alikasirika, na alikuwa na haki. Mwishowe alichukua vipande 80 kwa nusu bei, tukamrudishia pesa zilizobaki. Vipande 70 tuliviuza sokoni na kikaratasi: "Rangi imegeuka kwa sababu ya vanila. Sabuni ni salama." Viliisha vyote. Faida hatukupata, lakini bibi harusi huyo bado hununua kwetu.

Lililokuwa gumu zaidi ni kwenda nyumbani kwa mweka hazina. Tulienda wote 11. Tukamwomba msamaha, na katika mkutano uliofuata risiti yake ikasomwa mbele ya kila mtu. Tangu siku hiyo wanaoenda kununua ni wawili, risiti hubandikwa daftarini, na manukato mapya hayaingii katika oda kabla ya siku 28 za majaribio kwisha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chenu huandika vipimo vya kila sabuni mnayotengeneza? Daftari anaweka nani?

2. Kitu kikiharibika, ninyi hutafuta kwanza sababu au hutafuta kwanza mtu?

3. Kama mngekuwa na vipande 150 vilivyogeuka rangi, mngemwambia nini mteja, na lini?