Mali ya Marehemu Asiyeacha Wasia: Njia ya Kufuata Mahakamani

Mtu akifa, jamaa zake humzika kwa siku chache, lakini mali yake yaweza kukaa bila mwenyewe miaka mingi. Katika Kenya yako mashamba ambayo rejista yake hata leo huonyesha jina la babu aliyezikwa zamani, na wajukuu wake ndio wanaolima. Shamba la namna hiyo haliwezi kuuzwa kwa halali wala kuwekwa rehani benki. Na siku mjane atakapoambiwa na shemeji zake aondoke, hana hati ya kuwaonyesha. Kwa hiyo yafaa watu waijue njia ya mahakama, ambayo ni ndefu, lakini si ngumu kama wengi wanavyodhani.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kabla ya siku hiyo urithi uliamuliwa kwa sheria na mila mbalimbali, kila jamii na yake. Waislamu wangali wanarithi kwa sheria ya dini yao, na mashauri yao yaweza kupelekwa kwa Kadhi. Hali kadhalika, katika baadhi ya wilaya za wafugaji, mashamba na mifugo hufuata mila za wenyeji.

Jambo la kwanza ni kupata cheti cha kifo. Kibali cha kuzika, ambacho watu wengi hukitunza wakidhani kwamba chatosha, si cheti hicho. Hutolewa kwa ajili ya mazishi tu. Cheti chenyewe hutolewa na msajili wa vizazi na vifo.

Jambo la pili ni barua ya Chifu wa mahali alipokuwa akikaa marehemu. Barua hiyo hutaja majina ya wote aliowaacha: mjane au wajane, wana na binti, wakubwa kwa wadogo. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo mzizi wa shauri zima, na hapo ndipo hila nyingi huanzia. Kaka mkubwa humwendea Chifu peke yake, akataja wana wa kiume tu, akawaacha dada zake kwa sababu wameolewa, au akamwacha mke mdogo kwa sababu hakupatana naye. Afanyaye hivyo ajua kwamba anajenga juu ya mchanga. Kwa kifungu cha 76 mahakama yaweza kuifuta hati iliyopatikana kwa kusema uongo au kwa kuficha jambo kubwa, hata baada ya shamba kugawanywa. Ni vyema jamaa wote waende kwa Chifu pamoja, au angalau waisome barua kabla haijapelekwa mahakamani.

Kisha hupelekwa ombi. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 yaweza kushughulikiwa na Hakimu Mkuu, na mahakimu wa vyeo vya chini wana mipaka midogo zaidi. Mali inayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Fomu ya ombi ni P&A 80, nayo hufuatana na hati ya kiapo, P&A 5, inayotaja warithi, mali na madeni. Mume au mke aliyebaki ndiye anayefikiriwa kwanza kuwa msimamizi, kisha warithi wengine. Wasimamizi wa mali moja wasizidi wanne. Mwenye haki iliyo sawa na ya mwombaji, au inayoipita, hapana budi akubali kwa maandishi au aitwe aseme neno lake. Mahakama yaweza pia kutaka wadhamini.

Habari ya ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa muda usiopungua siku 30 wa kuleta pingamizi. Mkopeshaji, mke asiyejulikana na jamaa, mtoto aliyezaliwa nje, wote waweza kujitokeza wakati huo. Ikiwa hakuna pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi.

Hapa watu wengi hukosea sana. Mwenye hati hiyo hajawa mwenye mali. Amekabidhiwa kuikusanya, kuilinda, kulipa gharama za mazishi na madeni, na kutoa hesabu. Haruhusiwi kuuza shamba wala nyumba kabla hati haijathibitishwa. Hati huthibitishwa baada ya miezi 6, isipokuwa mahakama ikiona sababu njema ya kupunguza muda. Katika ombi la kuthibitisha, msimamizi huandika kila mrithi na fungu lake, na hakimu hawezi kuthibitisha mpaka aridhike kwamba warithi wote wametajwa. Asiyekubali mgawanyo huo aweza kuleta hati ya kiapo ya kupinga, naye atasikilizwa.

Na yule ambaye hana hati yoyote, asiguse kitu. Kifungu cha 45 chasema kwamba anayeichukua mali ya marehemu, au kuiuza, bila idhini ya sheria, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili, na juu ya hayo atawajibika kwa mali aliyoichukua. Ndugu anayepangisha nyumba ya marehemu na kutia kodi mfukoni amo katika kosa hilo. Kijana anayetoa fedha kwa simu ya baba yake kwa sababu aijua namba ya siri naye asidhani kwamba yuko salama.

Kuhusu mafungu, ikiwa marehemu ameacha mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya mjane kabisa. Mali iliyobaki huishika na kuitumia maishani mwake, ila asiuze ardhi bila idhini ya mahakama. Kisha huwa ya watoto. Ikiwa ameacha wake wawili au zaidi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa hesabu ya watoto, na kila mjane huongezwa kama mtoto mmoja. Mathalani, nyumba kubwa ina watoto 5 na nyumba ndogo ina watoto 2. Ukiongeza mama zao, nyumba ya kwanza ni mafungu 6 na ya pili 3, jumla 9. Shamba la ekari 18 litatoa ekari 12 kwa nyumba ya kwanza na 6 kwa ya pili. Alichokwisha kumpa mtoto wakati wa uhai wake huhesabiwa katika fungu lake.

Binti je? Sheria hutaja watoto, wala haitengi wa kiume na wa kike. Katika shauri moja la Eldoret, Mahakama Kuu iliwapa wana ekari 30 kila mmoja na binti ekari 5 tu, kwa kufikiri kwamba wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikawapa watoto wote 9 sehemu zilizo sawa. Katiba ya mwaka 2010 nayo yakataza ubaguzi kati ya mume na mke.

Hati ikiisha kuthibitishwa, msimamizi huichukua pamoja na hati ya shamba mpaka ofisi ya ardhi. Huko ndiko jina la marehemu huondolewa katika rejista, na majina ya warithi kuandikwa mahali pake.