Muda na Fahamu katika Riwaya za Virginia Woolf: Je, Usasa ni Kuipa Jamii Kisogo?

1.0 Utangulizi

Hoja moja husikika mara kwa mara katika mijadala ya uhakiki: kwamba riwaya ya usasa, kwa kuzama katika nafsi ya mhusika mmoja mmoja, huipa jamii kisogo. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu sisi tuliolelewa katika mapokeo ya uhalisia, ambapo mwandishi hutarajiwa kuwa kioo cha jamii na mkosoaji wake. Makala haya yananuia kuipima hoja hiyo kwa kurejelea riwaya mbili za Virginia Woolf (1882–1941), yaani Mrs Dalloway (1925) na To the Lighthouse (1927). Tunashikilia kwamba mbinu zake za kusawiri muda na fahamu ndizo zinazobeba ukosoaji wake wa jamii. Ukiziondoa, ukosoaji nao hutoweka. Hata hivyo, jicho lake lina mipaka, nayo tutaijadili.

2.0 Msimamo wa Woolf kuhusu Riwaya

Katika insha yake ya 1924, Mr Bennett and Mrs Brown, Woolf aliwakosoa waandishi waliomtangulia: Arnold Bennett, H. G. Wells na John Galsworthy. Alitumia mfano wa mwanamke mkongwe aliyeketi ndani ya gari la moshi. Kwa maoni yake, waandishi hao wangeeleza nyumba, kodi na viwanda, lakini mwanamke mwenyewe wasimwone. Aidha, Woolf na mumewe Leonard walikuwa wameanzisha shirika lao la uchapishaji, Hogarth Press, mnamo 1917. Kuanzia Jacob's Room (1922), riwaya zake zilichapishwa huko, naye akawa huru kujaribu umbo jipya bila kumridhisha mhariri wa nje.

3.0 Mrs Dalloway: Kumtazama Mtu kutoka Ndani

Riwaya hii haina sura. Matukio yake yote yanatendeka London katika siku moja ya Juni 1923. Clarissa Dalloway anaandaa karamu. Septimus Warren Smith, askari aliyerejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, anasumbuliwa na kumbukumbu ya rafikiye Evans aliyeuawa vitani. Wawili hawa hawakutani kamwe. Kinachowaunganisha ni jiji lenyewe: mlio wa saa ya Big Ben, na ndege inayoandika tangazo la biashara angani huku kila mtazamaji akilisoma kivyake. Saa hupima muda wa umma, ilhali fahamu za wahusika huruka miongo mitatu nyuma kwa pigo moja la kengele.

Swali la msingi ni hili: mkondo huu wa fahamu una kazi gani? Daktari Holmes anadai kwamba Septimus hana ugonjwa wowote. Bingwa Sir William Bradshaw anaamuru atenganishwe na mkewe Rezia na kupelekwa mashambani kupumzishwa. Wote wawili wanamtazama kutoka nje. Msomaji, kwa upande wake, ameshapitishwa ndani ya akili ya Septimus na anajua kilichomo. Septimus anapojirusha dirishani, Holmes anamwita mwoga. Lau kisa hiki kingesimuliwa kwa jicho la nje pekee, huenda nasi tungekubaliana na daktari. Mbinu, basi, ndiyo ushahidi dhidi ya taasisi za tiba na za vita.

4.0 To the Lighthouse: Vifo katika Mabano

Riwaya hii ina sehemu tatu. Ya kwanza na ya tatu zinachukua muda mfupi sana katika nyumba ya likizo ya familia ya Ramsay, kisiwani Skye, lakini ndizo ndefu. Ya kati, iliyo fupi, inameza takriban miaka 10. Humo kifo cha Bi. Ramsay, aliyekuwa nguzo ya sehemu ya kwanza, kinatajwa ndani ya mabano. Bintiye Prue na mwanawe Andrew, aliyelipuliwa na kombora Ufaransa, wanafia mabanoni vivyo hivyo. Nje ya mabano ni vumbi, upepo na kuta zinazooza.

Ukinzani huu si wa bahati nasibu. Mabano mengine yanaarifu kwamba mzee Carmichael amechapisha diwani iliyofaulu, kwa kuwa vita vimewarejeshea watu hamu ya ushairi. Kifo cha kijana na ufanisi wa kitabu vimepewa alama ileile ya uandishi. Kejeli hii inaishtaki jamii iliyozoea kuhesabu wafu kama habari ndogo. Hali kadhalika, mchoraji Lily Briscoe, aliyeambiwa na Charles Tansley kwamba wanawake hawawezi kuchora wala kuandika, ndiye anayeifunga riwaya kwa kuikamilisha picha yake.

5.0 Mipaka ya Jicho la Woolf

Ni fahamu za nani zinazofunguliwa? Bi. McNab, msafishaji wa nyumba ya akina Ramsay, anapewa kurasa chache tu. Peter Walsh amerejea kutoka India, lakini hakuna Mhindi hata mmoja ambaye tunaingizwa akilini mwake. Ni kweli kwamba katika Mrs Dalloway msimulizi anaihusisha falsafa ya Bradshaw na ari ya kuwageuza watu kwa nguvu, India, Afrika na hata London. Woolf aliuona uhusiano huo. Lakini Afrika hapo ni mandhari, si mtu.

Kisa kimoja cha maisha yake kinatuhusu moja kwa moja. Tarehe 7 Februari 1910, Woolf, kaka yake mdogo Adrian na wenzao walijifanya ujumbe wa kifalme kutoka Uhabeshi, baadhi yao wakiwa wamejipaka rangi nyeusi, na kupokewa kwa heshima katika manowari ya Dreadnought. Adrian alisimulia baadaye, mwaka 1936, kwamba walikuwa wamepata kitabu cha sarufi ya Kiswahili ili wajifunze maneno machache. Hatimaye yeye, aliyejifanya mkalimani, aliropoka Kilatini na Kigiriki kilichovurugwa. Mzaha huo uliwaaibisha wakuu wa jeshi la majini, lakini Kiswahili ndani yake kilikuwa sauti tu ya ugeni, wala si lugha ya watu wenye fikra.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kuingia ndani ya nafsi si lazima kuwe kuitoroka jamii. Funzo hili lina manufaa tunapozisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambazo zimelaumiwa kwa ugumu na kuuacha uhalisia. Badala ya kuuliza tu iwapo umbo ni gumu, mhakiki aulize umbo hilo linafichua nini ambacho usimulizi wa kawaida ungekificha. Kisha aongeze swali ambalo Woolf hakulijibu kikamilifu: ni nani aliyeachwa nje ya mlango wa fahamu?