Insha ya Hoja: Kuchagua Zawadi Salama kwa Mtoto Mdogo

Swali la mfano: "Katika kumchagulia mtoto mdogo zawadi, usalama utangulie uzuri." Jadili kauli hii kwa insha isiyozidi maneno 300.

Mtahiniwa, swali hili halitaki ukariri. Umeona midoli ikipangwa juu ya turubai sokoni Babati, na pengine umewahi kumnunulia mdogo wako. Kosa linalowapotezea wengi alama ni kuorodhesha tu: "Zawadi iwe imara, iwe salama." Hiyo si hoja. Hoja kamili ina sehemu tatu: hatari, sababu (inavyomdhuru mtoto) na hatua ya kuchukua. Zitafute sehemu hizo katika hoja hizi nne.

1. Ukubwa wa kitu. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Goroli, shanga au jicho la mwanasesere lililobandikwa kwa gundi linaweza kuiziba. Kabla ya kununua, vuta macho, vifungo na magurudumu uone kama yanachomoka. Nyumbani, tumia bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha: kitu kinachopenya humo ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo.

2. Betri na sumaku. Midoli mingi inayoimba na kuwaka taa hutumia betri bapa za duara, ndogo kama kifungo cha koti. Ikikwama kwenye umio, umeme wake huzalisha kemikali inayounguza nyama ya mwili, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Sumaku mbili zikimezwa hunasana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Chagua mdoli ambao kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri au sumaku, apelekwe hospitali mara moja, asitapishwe.

3. Maputo na kamba. Kipande cha puto lililopasuka hunata kooni na kuziba pumzi. Kamba ndefu huweza kumzunguka mtoto shingoni. Okota vipande vyote vya puto, na ufupishe kamba ya gari la kukokotwa.

4. Rangi. Rangi nyingine huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayetafuna kitu hicho. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliondoa sokoni mamilioni ya midoli, mingine kwa sababu ya risasi katika rangi, mingine kwa sababu ya sumaku zilizoweza kuchomoka. Mfano huu unaonyesha kwamba jina kubwa pekee halitoshi. Epuka rangi inayobanduka, na usome umri ulioandikwa kwenye boksi. Alama ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, ina maana kuwa kifaa hicho hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3.

Jibu hoja pinzani. Msomaji atauliza: je, kitu salama si ghali? Mjibu kwa mifano: mpira wa vitambaa, vikombe vya plastiki vya kupandanisha, au mwanasesere wa kitambaa aliyetariziwa macho kwa uzi. Ongeza kuwa zawadi hupimwa kwa umri wa mtoto: gari la waya humfurahisha wa miaka 9, lakini ncha zake zinaweza kumchoma wa mwaka 1.

Hitimisho. Rejea msimamo wako kwa sentensi mbili au tatu. Usilete hoja mpya.

Zoezi

Familia moja ya Bagara, Babati, ina watoto wawili wanaolala chumba kimoja: mmoja ana miaka 7, mwingine miezi 10. Mjomba amemletea mkubwa pakiti ya goroli.

(a) Andika aya moja yenye hatari, sababu na hatua.
(b) Mwandikie mjomba barua ya kirafiki, umshukuru na kumshauri kuhusu zawadi ijayo bila kumvunjia heshima.

Dokezo: Zawadi inamfaa aliyepewa. Je, ni nani mwingine ataifikia?